Kabla ya Joomla Kulikuwa na Mambo

Kila mtu aliyekulia Nairobi anajua kujibu "Mambo?" Unasema poa, ama fiti, ama unanyamaza kama umekasirika. Lakini kuna kizazi kimoja cha mafundi wa tovuti, wengi wao sasa wana watoto na migongo inayouma, ambao wakisikia neno hilo wanaona kitu kingine kabisa: skrini ya saiba, kiti cha plastiki, na faili inayoitwa index.php.

Mambo ilikuwa programu ya kuendesha tovuti. Kampuni moja ya Australia, Miro, ndiyo iliyoianzisha, na mwaka 2001 ikaachilia msimbo wake uwe wazi kwa yeyote chini ya leseni ya GPL. Kabla ya programu za aina hiyo, tovuti ilikuwa rundo la kurasa tu. Ukitaka kubadilisha namba ya simu kwenye kurasa 30, unafungua kurasa 30. Mambo na wenzake walitenganisha vitu viwili. Maneno yakaenda kukaa kwa hifadhidata. Sura, yaani rangi, menyu na mahali pa logo, ikakaa kando kwa folda yake. Unaweza kubadilisha sura bila kugusa maneno, na kubadilisha mtambo wa chini bila kugusa sura. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi. Imevunjwa mara nyingi tangu hapo, kwa kawaida na watu wenye nia njema, na mara moja na mimi.

Mnamo Agosti 2005 Miro walikuwa wameunda wakfu wa kusimamia Mambo, na waandishi wakuu wa programu hiyo wakaona kwamba wakfu wenyewe unaendeshwa kinyume na misingi ya programu huria. Tarehe 17 Agosti wakaondoka. Si ati waligoma. Waliondoka na msimbo, kwa sababu leseni iliwaruhusu. Kitu ambacho hawangeweza kuondoka nacho ni jina. Wakaomba watu wapendekeze majina, yakaja mengi, na mwishowe walilochagua ni letu: jumla. Wakaliandika kwa masikio ya Kiingereza, Joomla, kwa maana ya "wote pamoja". Toleo la kwanza likatoka Septemba mwaka huo huo.

Mimi nililijua neno jumla kutoka Gikomba na Nyamakima, mahali unauliza bei ya rejareja, unashtuka, kisha unauliza ya jumla. Nilipoambiwa kwamba Joomla ni Kiswahili nilidhani ni utani wa watu wa kompyuta. Tena kutoka Mambo hadi Jumla! Ungedhani ugomvi huo ulitokea pale stage ya Tassia.

Kulikuwa na kichekesho kimoja ndani yake. Joomla 1.0 ilikuwa Mambo iliyobadilishwa jina tu, na ukifungua templeti, ile folda ya sura, ulikutana na amri kama mosMainBody na mosLoadModules. Hiyo "mos" ni kifupi cha Mambo Open Source. Mtoto alikuwa amebadilisha jina la ukoo lakini shati bado limeshonwa jina la zamani kwenye kola. Kwa miaka miwili na nusu hakuna aliyejali. Kisha Januari 2008 ikaja Joomla 1.5, na amri hizo zikang'olewa, zikawekwa nyingine za mtindo tofauti kabisa. Templeti ya zamani ikiwekwa juu ya mtambo mpya ilikuwa inaita watu waliohama.

Waandishi wa 1.5 walijua. Waliweka plagini iliyoitwa Legacy: ukiiwasha, mtambo mpya unajifanya wa zamani, na vitu vya 1.0 vinaendelea kutembea. Ilikuwa huruma. Pia ilikuwa deni, kwa sababu watu waliiwasha wakasahau.

Wakati huo sisi huku Eastlands tulikuwa tunajifunzia kwa saiba, bob moja kwa dakika. Nyaya za chini ya bahari zilikuwa hazijafika. TEAMS na SEACOM zilikuja Mombasa 2009, na kabla ya hapo intaneti yote ilikuwa inapanda angani kwa setilaiti ikirudi imechoka. Ulikuwa unapakua templeti moja kwa dakika 40, unaiweka kwa flash disk, unaomba Mungu isiwe na virusi. iHub ilipofunguliwa Ngong Road mwaka 2010, magazeti yalianza kuandika kwamba Nairobi ina vijana wa teknolojia. Wa Ngong Road walikuwepo, ndiyo. Lakini tovuti za shule za binafsi, za kanisa la mabati, za muuza vipuri, za hoteli ya Machakos yenye vyumba kumi na viwili, nyingi zilijengwa na kijana mmoja kwa keja moja, usiku, stima ikikubali. Malipo ni mara moja, elfu kumi na tano, na hakuna mtu aliyeandika kwa risiti neno "matunzo". Mteja alidhani tovuti ni kama kibao cha duka: ukishalipa fundi na kikatundikwa, kimetundikwa.

Januari 2011 Joomla 1.6 ikatoka, na plagini ya Legacy haikuwemo. Julai ikatoka 1.7. Januari 2012 ikatoka 2.5. Matoleo matatu kwa mwaka mmoja, na njia ya kutoka 1.5 kwenda huko haikuwa kitufe. Wenyewe walitumia neno la kuhama, si kusasisha. Na kama umewahi kuhama keja huku Tassia unajua maana yake: mkokoteni umelipwa, godoro limepita, halafu kochi linafika mlangoni na linakataa kuingia kwa ngazi. Maneno ya tovuti yalipita. Templeti ndiyo ilikuwa kochi. Kulikuwa na kifaa kinaitwa jUpgrade kilichobeba makala na watumiaji hadi ng'ambo, lakini sura ulilazimika kuijenga upya, au kununua nyingine, au kukaa.

Wengi walikaa. Nami nilikaa na wateja wangu sita kwenye 1.5, nikajiambia kwamba kitu kisichovunjika hakitengenezwi.

Katikati ya Januari 2012, asubuhi moja, tovuti 103 za serikali ya Kenya zikakutwa zimechafuliwa usiku na mdukuzi wa Indonesia. Wizara, idara, zote kwa mpigo. Huku mtaani watu walicheka, kwa sababu kuichekea serikali ni bure. Mimi sikucheka sana. Nilianza kuona kwamba mtu anayeogopa kusasisha kwa sababu sura itavunjika, na mtu anayeamka akikuta tovuti yake ina bendera ya mgeni, mara nyingi ni mtu mmoja kwa siku mbili tofauti.

Na si Joomla peke yake. Agosti 2011 iligunduliwa kwamba TimThumb, faili ndogo ya kupunguza ukubwa wa picha, ilikuwa na tundu ambalo mtu angelipitia kuingiza msimbo wake kwa seva yako. Faili hiyo ilikuwa imefichwa ndani ya thimu nyingi sana za WordPress. Hukuiweka wewe. Ilikuja na vazi, kama kunguni kwenye koti la mtumba.

WordPress tulihamia karibu wote, kwa hivyo niseme kidogo juu yake. Ilizaliwa Mei 2003, Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza wakichukua programu ya blogu iliyoachwa yatima, b2, na kuiendeleza. Mfumo wa thimu ulikuja na toleo la 1.5, Februari 2005, na thimu ya Kubrick yenye kile kichwa cha bluu ambacho kila blogu ya miaka hiyo ilikuwa nacho. Matoleo yao wanayaita majina ya wanamuziki wa jazi. Walichofanya vizuri kuliko Joomla ni uvumilivu: kwa miaka mingi walikataa kuvunja vitu vya zamani. Thimu ya 2008 ungeweza kuiona ikitembea 2014, inachechemea lakini inatembea. Sisi mafundi tukazoea. Tukaona kitufe cha apdeti kama kitufe cha lifti.

Uvumilivu huo ulikuwa na mtu wa kuubeba. Kwenye WordPress 3.6 ya Agosti 2013 waliongeza faili iitwayo jQuery Migrate. jQuery ni maktaba ya msimbo inayofanya vitu vya kwenye ukurasa vicheze: picha zinazoteleza, menyu inayofunguka, fomu inayokuambia umekosea. Maktaba hiyo ilikuwa imekua na kutupa amri zake za zamani, na Migrate ilisimama katikati kama mkalimani. Thimu ikisema kitu kwa lugha ya 2010, Migrate inatafsiri. Miaka saba mkalimani huyo alifanya kazi na hakuna mteja aliyejua yupo.

Sasa thimu zenyewe tulizitoa wapi? Hapa lazima tuseme ukweli. Thimu nzuri iliuzwa dola 40 na kitu, kwa kadi ambayo wengi wetu hatukuwa nayo. Kwa hivyo tulitumia zilizovunjwa kufuli, zinazosambazwa bure. Zilionekana sawa tu. Lakini thimu ya wizi haina apdeti. Mtambo wa chini ulikuwa unasonga mbele kila miezi michache, na vazi limeganda siku uliyolipakua. Kila toleo jipya lilipanua ufa huo milimita moja, na milimita haionekani.

Mwaka 2013 nilijenga tovuti ya chama cha wakaazi cha ploti kadhaa hapa Tassia. Chama cha kawaida: michango ya ugonjwa, ya mazishi, barua kwa kaunti kuhusu maji taka. Maji taka ni habari ndefu huku. Ardhi hii NSSF iliinunua, watu wakajenga, ghorofa zikapanda kabla ya mabomba na barabara, na ilipofika 2014 mradi wa miundombinu wa Tassia II, wa zaidi ya shilingi bilioni 5, ukageuka mzozo wa kitaifa. Kwa hivyo chama kilikuwa na karatasi nyingi, na katibu, mama mmoja mstaafu asiyependa upuuzi, alitaka karatasi hizo ziwe mahali zisipoliwa na panya.

Halafu akataka kitu kingine. Alitaka ukurasa wa waliotutoka. Picha, jina, ploti, kanisa ama msikiti, na maneno machache kutoka kwa familia. Thimu niliyotumia, ya bure kwa maana niliyoeleza, ilikuwa na sehemu inayoitwa "Portfolio", iliyobuniwa kwa wachoraji kuonyesha kazi zao. Ilipanga picha vizuri sana kwa safu tatu. Nikabadilisha kichwa chake, nikawaweka marehemu wetu humo. Katibu aliipenda. Miaka saba aliingiza mwenyewe, mmoja mmoja, akiandika kwa vidole viwili.

Disemba 2018 WordPress 5.0 ilikuja na kihariri kipya, Gutenberg, na dunia nzima ikalalamika. Mimi niliweka ile plagini ya kurudisha kihariri cha zamani, nikaendelea na maisha. Haikunigusa.

Tarehe 11 Agosti 2020 ikatoka WordPress 5.5, jina lake Eckstine, na ndani yake mkalimani alikuwa amestaafishwa. Walikuwa wametangaza mapema. Kila kitu kiliandikwa wazi kwa watengenezaji wa thimu. Lakini tangazo linamfikia mtu mwenye thimu iliyo na mwenyewe. Mimi niliona duara jekundu, nikabonyeza, bila bakapu, nikiwa kwa simu, nikisubiri chapati. Kosa ni langu na sitalipeleka kwa mtu.

Katibu alipiga kesho yake.

"Kijana, hii menyu haifunguki."

"Pole Mama, jaribu kufunga na kufungua tena."

"Nimefunga nimefungua. Na leo tuna msiba, watu wako Kisumu, wako Dubai, nimewaambia waangalie huko. Ni mwaka wa Corona, watu watakuja aje?"

Wale waliokuwa na kompyuta hawakuona shida kubwa: picha za juu zimeacha kuteleza, basi. Lakini karibu kila mtu huku anafungua kwa simu, na kwa simu menyu yote inajificha nyuma ya mistari mitatu. Mistari mitatu ilikuwa imekufa. Tovuti ilikuwa nyumba yenye mlango uliopakwa rangi ukutani.

WordPress wenyewe walitoa haraka plagini ya kumrudisha mkalimani kwa muda, na mafundi wengi duniani waliponea hapo. Mimi kwa kiherehere nilikuwa tayari nimefanya kosa la pili. Nilifikiri: thimu imezeeka, niitoe, niweke ile ya kawaida inayokuja na WordPress yenyewe. Sura itabadilika lakini maneno yako kwa hifadhidata, si ndivyo tulivyoahidiwa? Nikabonyeza. Barua za maji taka zikatokea, safi. Taarifa za michango zikatokea. Ukurasa wa waliotutoka ukasema kwamba hakuna kilichopatikana.

Hapa ndipo ninataka msomaji akae kidogo, kwa sababu ndipo historia hii yote inapouma. Ile "Portfolio" haikuwa sehemu ya WordPress. Ilikuwa imetangazwa na thimu, ndani ya faili yake ya functions.php. Thimu ilipoondoka, iliondoka na maarifa kwamba kuna kitu kinaitwa Portfolio. WordPress ilikuwa kama karani mpya anayeshinda kwa kabati lenye faili za aina ambayo hajawahi kuisikia, kwa hivyo ukimuuliza anakuambia, kwa uaminifu kabisa, hakuna. Na watengenezaji wa thimu za miaka ile walifanya hivyo kwa wingi. Wakasukuma kila kitu ndani ya vazi: fomu, meza za bei, galari, vifupi vya msimbo ndani ya mabano ya mraba, kwa sababu thimu yenye vitu vingi inauzika. Matokeo ni kwamba mteja hangeweza kuhama tena. Waliotenganisha sura na maneno mwaka 2001 walikuwa wamefanya kazi nzuri, na soko likaziunganisha tena kimyakimya.

Niliingia kwa hifadhidata yenyewe kupitia phpMyAdmin, usiku, jasho likinitoka kama niko kwa makuti ya Mombasa. Jedwali linaitwa wp_posts. Nikaliambia linionyeshe safu zote zenye aina ya "portfolio". Zikaja. Zilikuwa 41. Watu 41 wa ploti zetu, wamekaa pale gizani na tarehe zao, hakuna aliyeguswa. Wa kwanza alikuwa babu aliyekuwa akiuza makaa karibu na stage, ambaye aliwahi kunikopesha elfu mbili bila kuandika popote.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko hofu. Niliandika plagini fupi, mistari isiyofika ishirini, ya kuitangazia WordPress kwamba aina hiyo ya faili ipo, na kuiacha nje ya thimu yoyote. Nikafungua tena viungo. Wote 41 wakarudi, sasa kwa mstari mmoja mrefu, maandishi meusi kwenye mweupe. Kwa baadhi yao, chini ya jina, palikuwa na mabano ya mraba yenye namba ndani, mahali ambapo galari ya thimu ilikuwa. Hayo niliyabadilisha moja moja kwa mkono, nikitafuta picha inayolingana na namba. Ilinichukua siku tatu. Wa msiba wa wiki hiyo alikuwa wa 42, na katibu alimwingiza mwenyewe kabla sijamaliza.

"Na ile rangi ya kijani?" aliniuliza baadaye.

"Imeenda na thimu, Mama."

"Ilikuwa inasumbua macho."

Miezi michache baadaye, Novemba 2020, ikaja PHP 8, ambayo iliondoa amri ambazo thimu nyingi za zamani zilikuwa bado zinaziita, na kampuni za kuhifadhi tovuti zilipoanza kupandisha seva zao, skrini nyeupe zikaanza upya kwa wengine. Kwangu tovuti ya chama haikutikisika. Nyingine mbili zilianguka, nami nikalipwa kuziinua. Kwa mara ya kwanza nilitoa risiti yenye neno "matunzo".

Joomla nao hawakuwa wamesahau Kiswahili. Toleo lao la 3.9 waliliita Amani. Tarehe 17 Agosti 2021, miaka 16 kamili tangu waondoke Mambo, walitoa mawili siku moja: 3.10, jina lake Daraja, na 4.0, jina lake Furaha. Daraja lilijengwa makusudi kwa kuvukia. Lilikuwa na kikaguzi kinachokuambia kabla ya safari ni plagini gani itavuka na ipi itabaki. Templeti za 3 zilikuwa zimejengwa juu ya Bootstrap ya pili, na Furaha ilisimama juu ya Bootstrap ya tano, kwa hivyo jibu kuhusu sura mara nyingi lilikuwa lile lile la 2011: jenga upya. Lakini safari hii angalau uliambiwa ukiwa bado ng'ambo hii. Daraja lilipewa miaka miwili. Tarehe 17 Agosti 2023 msaada wake ukafungwa.

Kuna shule ndogo nyuma ya soko ambayo tovuti yake niliijenga kwa Joomla 3. Ina ratiba za mitihani tangu darasa la nane lilipokuwa bado darasa la nane, na picha za kila siku ya michezo. Niliipandisha hadi Daraja, nikampa mwalimu mkuu bei ya kuvuka. Akaitazama bei. Sasa kila mwanzo wa muhula tunakutana kwa kinyozi, na swali lake ni moja.

"Bado inafunguka?"

"Bado, mwalimu."

"Basi usiiguse kwanza, tukusanye karo."